Filamu ya T-Max 400
Eastman Kodak, Rochester, Marekani, 1986

Filamu hii imepakwa emulsheni: fuwele za chumvi ya fedha ndani ya jelatini. Fuwele zake ni bapa kama vigae, hivyo hunasa mwanga mwingi kwa fedha kidogo. Umbo hilo hupatikana tu miyeyusho ya nitrati ya fedha na bromidi inapoingizwa tangini kwa kasi na joto vilivyopimwa barabara, na kompyuta huongoza pampu bila kuyumba kama mkono. Wapo watakaosema basi mbunifu ni mashine. La hasha: programu hufuata kanuni, na kanuni ilitoka kwa wakemia waliopima, wakapiga picha za majaribio, wakalinganisha chembe. Filamu hii imehifadhiwa kwa sababu inathibitisha kwamba kompyuta ilinoa ufundi wao, haikuuondoa.