Barakoa katika Ardhi ya Wanavajo
Kati ya mwaka 1944 na 1986, takriban tani milioni 30 za mawe ya urani, yaani madini yenye mionzi ambayo Marekani iliyahitaji kwanza kwa silaha za nyuklia, zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, na kampuni zilipoondoka ziliacha nyuma migodi zaidi ya 500. Wachimbaji wengi hawakuonywa kwamba hewa ya mgodini ingeweza kuwaletea saratani ya mapafu, na huo ulikuwa ukatili, hata kama ulifanywa kwa jina la ulinzi wa taifa.

Mpigapicha wa Kinavajo Will Wilson aliijibu historia hiyo kwa kejeli katika mfululizo wa picha uitwao Auto Immune Response, ambamo mwanamume aliyevaa barakoa ya kuzuia gesi hutembea peke yake katika mandhari ambayo filamu za Hollywood ziliisifia uzuri, huku hogan, nyumba ya jadi ya Wanavajo, ikijengwa kwa vyuma na kugeuzwa banda la kuoteshea mimea. Kejeli hiyo inachoma, kwa kuwa mwenye ardhi ndiye anayehitaji kinga ili apumue kwao. Serikali ya Wanavajo nayo ilichukua hatua: mwaka 2005 ilipiga marufuku uchimbaji wa urani katika ardhi yake.