Maziwa na Vilele vya Mlima Kenya: Sehemu za Kutazamia Mandhari na Taratibu za Kuzifikia

Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro, na kilele chake cha juu kabisa, Batian, kina mita 5,199. Wananchi wengi huuona kutoka barabarani, asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Kisichoonekana kutoka Nanyuki, Embu au Chuka ni maziwa yake. Juu ya msitu na juu ya ukanda wa mianzi kuna viziwa vingi vilivyotawanyika mabondeni na chini ya miamba, na karibu kila kimoja kina mahali pa kusimama ambapo mlima huonekana kwa sura tofauti.

Chanzo cha maziwa hayo ni barafu. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, na wataalamu wa miamba hukadiria kwamba hapo awali ulizidi mita 6,000. Vilele vya Batian na Nelion si ukingo wa kreta, bali ni mabaki ya mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano na kubaki umesimama baada ya sehemu laini kumomonyoka. Katika vipindi vya baridi kali, mito ya barafu iliteremka kutoka katikati ya mlima, ikachimba mabonde mapana na kusukuma vifusi vya mawe mbele yake. Barafu iliporudi nyuma, maji yalijaa katika mashimo hayo na nyuma ya vifusi hivyo.

Majina ya vilele vitatu vikuu yana historia yake. Wakikuyu, Waembu na Wameru wameuheshimu mlima huu tangu enzi na enzi, na jina Kirinyaga ndilo lililoipa kaunti mojawapo jina lake. Majina ya Batian, Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985) yalitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, kwa kuwakumbuka viongozi wa kidini wa Wamaasai: Mbatian, nduguye Nelieng na mwanawe Lenana. Mackinder alifika Batian mwezi Septemba 1899 akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel. Nelion ilisubiri hadi 1929, ilipopandwa na Eric Shipton na Wyn Harris. Kwa Wakenya, hata hivyo, kilele chenye uzito zaidi ni Lenana, ambako Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya taifa wakati wa uhuru, Desemba 1963.

Kati ya njia zinazotumiwa sana, ile ya Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo yenye maziwa mazuri zaidi, na ni vigumu kupata mwongozaji wa mlima atakayelipinga hilo. Mgeni asiye na haja ya kufika kileleni anaweza kutosheka na sehemu ya chini tu. Barabara ya magari inapokomea, maporomoko ya Mto Nithi hayako mbali, na matembezi ya saa chache humfikisha mtu Ziwa Ellis, chini ya kilima cha Mugi. Kutoka juu ya kilima hicho huonekana nyanda za majani na, hali ya hewa ikiruhusu, vilele vyote vikuu kwa mbali.

Njia ikiendelea kupanda hufuata ukingo wa bonde refu linaloitwa Gorges. Upande mmoja ardhi hukatika ghafla, na chini kabisa hulala Ziwa Michaelson, lenye rangi inayobadilika kati ya kijani na nyeusi kwa kadiri mawingu yanavyopita. Mahali bora pa kulitazama ni juu ya genge liitwalo Hekalu, karibu na viziwa vya Hall, katika mwinuko wa takriban mita 4,300. Genge hilo linasimama mamia ya mita wima juu ya ziwa na halina uzio. Upepo huvuma kwa ghafla, na majani ya ukingoni huteleza asubuhi yakiwa na umande ulioganda. Anayetaka picha hana budi kubaki hatua kadhaa nyuma ya ukingo, na watoto washikwe mkono.

Upande wa magharibi, njia ya Naro Moru ndiyo fupi zaidi, na ndiyo inayochosha mapema kwa sababu ya kinamasi cha mteremko kinachotangulia Bonde la Teleki. Ndani ya bonde hilo mandhari ni ya ajabu: miti ya seneshio yenye vichwa kama kabichi kubwa, lobelia zinazofunga majani yake usiku kujikinga na baridi, na pimbi wasioogopa watu wanaonyemelea mikoba. Wengi hupita hapo wakikimbilia Lenana. Anayeweza kutenga siku moja zaidi na apande hadi Two Tarn, kiziwa kilicho karibu mita 4,500, mkabala na uso wa magharibi wa Batian na Nelion. Asubuhi isiyo na upepo, vilele vyote viwili huonekana ndani ya maji.

Njia ya Sirimon, kaskazini, ni kavu zaidi na mteremko wake ni wa taratibu. Huishia kambi ya Shipton, mita 4,236, ambako ukuta wa kaskazini wa Batian unasimama mbele ya mgeni. Batian na Nelion zenyewe ni za wapanda miamba wenye kamba na uzoefu. Mtembezi wa kawaida hukomea Lenana. Safari ya mwisho huanza saa nane au saa tisa usiku ili jua lichomoze wapandaji wakiwa juu. Kunapokuwa kweupe kabisa, Kilimanjaro huonekana upande wa kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 300.

Jambo linalohitaji kusemwa waziwazi ni kwamba hatari kubwa ya Mlima Kenya kwa mtembezi ni kasi. Gari humtoa mtu Nairobi na kumfikisha mita 3,000 siku hiyo hiyo, na wikendi ndefu huwashawishi wengi kumaliza kila kitu kwa siku mbili. Mwili hauzoei upungufu wa oksijeni kwa muda huo. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo, na mwenye nazo asipande zaidi mpaka zitoweke. Kikohozi chenye kubana kifua mtu akiwa amepumzika, kuyumba anapotembea au kuchanganyikiwa ni dalili kwamba maji yanajaa mapafuni au ubongo unavimba. Hapo tiba ni kuteremka mara moja, hata kama ni usiku na hata kama kilele kimebaki nusu saa. Ujana na mazoezi ya viungo havimkingi mtu. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio hupanda haraka kupita kiasi.

Mandhari yenyewe inabadilika. Mackinder na wenzake walikuta mito ya barafu 18. Mingi imekwisha, na Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Wazee waliopanda ujanani huona mawe matupu palipokuwa peupe. Kupotea kwa barafu hakuna maana kwamba mito itakauka kesho, kwani sehemu kubwa ya maji ya Tana na Ewaso Ng'iro yanayotoka mlimani hutokana na mvua inayohifadhiwa na msitu, udongo na nyanda za juu. Ndiyo sababu moto ni tishio la karibu zaidi. Mioto ya 2012 na 2019 iliteketeza maeneo makubwa ya nyanda hizo, na mimea ya mwinuko huo hukua polepole mno. Jiko la gesi linatosha kupikia. Kuwasha kuni juu ya msitu hakuna udhuru.

Mlima ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1949 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Hifadhi inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na viingilio hulipwa kupitia mfumo wa eCitizen, si kwa fedha taslimu langoni. Mgeni haruhusiwi kupanda peke yake. Chupa na vifaa vingine vya plastiki vya kutumika mara moja vimepigwa marufuku katika maeneo yote yaliyohifadhiwa tangu tarehe 5 Juni 2020, hivyo maji yabebwe katika chupa za kudumu.

Miezi inayofaa zaidi ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Katika masika na vuli njia huwa tope na ukungu hufunika maziwa kwa siku nzima. Hata wakati wa kiangazi mawingu hupanda kabla ya adhuhuri, kwa hiyo aliyekusudia kuliona Ziwa Michaelson kutoka Hekalu awe amefika kabla ya saa tatu asubuhi.