Ngome ya Mombasa na Watu wa Faza

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Chombo chochote kilichotaka kuingia bandari ya kale kilipita chini ya mizinga yake. Kwa nchi kavu, mambo yalikuwa mengine: mji ulikuwa wa wenyeji, na wenyeji hawakuwa na mapenzi na Mreno. Wayaarubi wa Omani walipomtoa Maskati mwaka 1650, watu wa pwani walipata wa kumwendea kushtaki.

Tarehe 13 Machi 1696, kaskazi ikiwa ukingoni, jeshi la Imamu wa Omani, Seif bin Sultan, lilitia nanga Mombasa. Walikuwa watu wapatao 3,000. Mji waliuchukua, ngome wakaihusuru. Ndani yake askari wa Kireno walikuwa baina ya 50 na 70 tu, chini ya kapteni João Rodrigues Leão. Wengine wote, na hao walipita elfu moja, walikuwa Waswahili na Waafrika wengine, waume kwa wake, waliojitia humo pamoja nao.

Hapa ndipo simulizi ya vita vya Mreno na Mwarabu inapopwaya. Pwani ilikuwa pande zote mbili za ukuta. Mji wa Pate ulikuwa umeegemea Omani. Basi Faza, iliyomo kisiwa kimoja na Pate, hasimu wake wa siku nyingi, ikasimama na Mreno. Tena ni Faza ileile ambayo Wareno waliiteketeza mwaka 1587, wakamuua mtawala wake na kukata minazi yake. Miaka mia na kitu baadaye, jamaa wa ukoo wake wa kifalme, Bwana Daudi, alikuwa ndani ya ngome akimlindia Mreno bendera. Sioni haja ya kumwita msaliti wala shujaa. Goa, makao ya Wareno huko India, ilikuwa mbali, na Pate ilikuwa jirani.

Maisha ya waliozingirwa yalifungwa na pepo. Msaada wa Goa haukuweza kuja ila kwa kaskazi, kwa hiyo walishinda miezi wakiangalia bahari tupu. Leão alifariki kabla ya mwaka kwisha. Sikukuu ya Krismasi ya 1696 zikatokea merikebu za Luís de Melo de Sampaio, zikashusha askari na chakula. Haikupita muda maradhi yakaingia, yakaua kuliko mizinga ya Omani ilivyoua, nazo merikebu zikaondoka kwenda Msumbiji.

Kufikia Agosti 1697 Wareno walikuwa wakizikana mmoja mmoja. Mwisho wa mwezi huo alikufa António Mogo de Melo, kapteni aliyeshika nafasi ya Leão, na kabla ya kukata roho alimkabidhi Bwana Daudi ngome. Waliobaki naye walikuwa wanaume wachache wa Faza, Waafrika wachache na wanawake wapatao 50. Ngome ya mfalme wa Ureno, yenye jina la Yesu, ikawa mikononi mwa Mwislamu wa Faza, na haikuanguka. Kwangu mimi, majuma hayo ndiyo kiini cha tarehe yote hii, ingawa wengi huyapitia kwa sentensi moja.

Katikati ya Septemba Sampaio alirudi kwa kusi kutoka Msumbiji, ndani ya Santo António de Tanna. Merikebu ilifungwa chini ya ngome. Mwezi uliofuata ilikatika amari, ikaharibika na kuzama papo hapo bandarini. Wazamiaji na wanaakiolojia waliifukua miaka ya 1970, na vitu vyake sasa vimo katika makumbusho ya ngome yenyewe.

Desemba 1697 kaskazi ilileta kikosi kingine kutoka Goa, na kapteni mpya, Leandro Barbosa Soutomaior. Nao wakaishilia mlemle, kwa njaa na maradhi. Waomani walipopata habari kwamba waliosalia ni wa kuhesabika kwa vidole, hawakungoja kaskazi imlete mwokozi wa tatu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698 waliegemeza ngazi ukutani, wakapanda. Ilikuwa miezi 33 kamili. Siku chache baadaye merikebu za Goa zilifika, zikaona bendera ya Imamu juu ya ngome, zikageuza matanga.

Wareno waliipata tena ngome mwaka 1728, askari wa Omani walipokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Safari hii hapakuwa na Faza ya kuwashikia ukuta. Mwaka 1729 watu wa Mombasa waliinuka, wakawatoa.