Nilitafuta Jibini ya Kijerumani Masaku, Nikapata Hadithi ya Ng'ombe Wetu

Wasee, wiki iliyopita nilizunguka Masaku mjini nusu siku nikitafuta Butterkäse. Hiyo ni jibini ya Kijerumani, laini, si kali, ina ladha ya siagi ingawa haiwekwi siagi yoyote. Nilitaka kuipikia video. Duka la kwanza nikaonyeshwa mozzarella ya pizza. La pili, cheddar. La tatu, madam wa kaunta akaniangalia: "Kijana, unatafuta chizi ama wewe ndiye chizi?" Nikacheka, nikanunua kipande cha Gouda, nikaenda.

Kichwa cha video kilikuwa tayari: Masaku Bado Ni Ushamba. Kabla niiposti nikampigia susu nimchekeshe. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Hiyo jibini hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa nani?"

Mimi chuo niliacha, cheti cha historia sina. Lakini hilo swali lilininyima usingizi, nikaanza kusoma.

Wakamba wamefuga tangu zamani. Maziwa yaliwekwa kwa kibuyu yagande, ama kibuyu kikatikiswa mpaka siagi itoke. Kwa hivyo ladha ya siagi si ngeni hapa. Lakini kilo moja ya jibini hula karibu lita 10 za maziwa, halafu inataka chumba baridi ikiiva. Bila maziwa ya ziada, sahau.

Sasa uliza nani alikuwa na ziada. Mwaka wa 1925 masetla waliunda KCC, ushirika wao wa maziwa. Mashamba mazuri walikuwa wameshachukua, hata vilima vya Mua hapa juu yetu. Ng'ombe wa Mkamba wakabanwa kwenye rizavu, nyasi ikaisha, udongo ukabebwa na mvua. Serikali ikasema shida ni ng'ombe, eti ni wengi mno.

1938 ikaanza kuwapunguza kwa nguvu. Wakachukuliwa, wakauzwa bei ya kutupa. Mnunuzi alikuwa hapo Athi River: kiwanda cha Liebig's, kampuni ya Waingereza yenye jina la mkemia Mjerumani, Justus von Liebig. Kumbe jina la Kijerumani lilifika kwetu kitambo! Ila halikuleta jibini, lilikuja kutafuta nyama ya mkebe.

Wazee wetu hawakunyamaza. Julai mwaka huo Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba, wanawake na watoto pia, wakatembea mpaka Nairobi kudai gavana awasikize. Walipiga kambi huko wiki kadhaa. Muindi alishikwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka uishe serikali ilikuwa imerudi nyuma, uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Ile Muindi Mbingu Street unayopita ukienda City Market ni yake. Mimi nimeipita miaka yote nikidhani ni jina tu.

Ng'ombe wa gredi nao, ni Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliowafungulia wakulima Waafrika mlango wa kuwafuga kwa wingi. Na ukiangalia jibini za Kenya zenye jina leo, kama Brown's walioanza Tigoni, Limuru, 1979, utaona ramani ya jibini inafanana sana na ramani ya masetla. Baridi ya Limuru inasaidia, sikatai. Lakini si baridi pekee iliyoamua nani abaki na maziwa.

Kwa hivyo ile video nimeifuta. Masaku haikukosa jibini kwa ushamba.

Kama bado unaitaka ile ladha, itisha Gouda changa, ile haijakaa sana. Ni laini, si kali, inakaribia kabisa. Mimi nilimpelekea susu kipande. Akatafuna polepole, akasema, "Hii ni siagi, imeenda shule tu."

Angalau kuna mmoja kwetu aliyemaliza. Wewe je, nyumbani kwenu maziwa yaliishia wapi? Muulize nyanya yako leo.