Ubia wa Wakulima: Kutoka Kinakulya Hadi Kampala

Siku moja baada ya kipindi cha msamiati, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinijia mezani akaniuliza tofauti iliyopo baina ya ushirika na ubia. Nilimjibu kwa haraka, kama tufanyavyo walimu wakati kengele ya chai imekwisha kulia, kwamba maneno hayo ni mamoja. Njiani kurudi nyumbani nilijuta. Yalikuwapo katika historia ya Uganda majira ambayo tofauti ya maneno hayo mawili iliwagombanisha wakulima na Gavana, na mahali ilipobishaniwa si mbali na shule yetu hapa Kampala. Makala haya ni jibu langu kwa mwanafunzi yule, na ni ya ndugu walimu pia, kwa kuwa nadhani wengi wetu tungemjibu vilevile.

Yafaa tuanze na pamba, maana pasipo pamba hapana kisa. Mbegu zililetwa mwaka 1903 na Kampuni ya Uganda kwa juhudi za Kristen Borup, zikagawiwa watu kwa mikono ya machifu. Reli ilikuwa imefika Kisumu miaka miwili kabla yake, nayo serikali ilitaka mizigo ya kuilipia. Katika muda usiozidi miaka kumi pamba ilikuwa imekwisha kuwa fedha ya mkulima: ndiyo iliyolipa kodi, ndiyo iliyonunua kanga ya mke na karo ya mtoto. Lakini mkulima aliuza pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyochumwa shambani, na huko ng'ambo kilichotakiwa ni pamba nyuzi. Baina ya hizo mbili kilisimama kiwanda cha kuchambulia. Katika kila ratili tatu za pamba mbegu hutoka takriban ratili moja ya nyuzi; zinazosalia karibu zote ni mbegu, nazo hukamuliwa mafuta na mashudu yake yakawa chakula cha ng'ombe. Mwenye kiwanda basi alipata faida mara mbili kutokana na mzigo mmoja. Viwanda hivyo vilikuwa mikononi mwa Wazungu na, baadaye zaidi, Wahindi. Mwafrika alilima, akapalilia, akachuma, akabeba kichwani hadi kwenye mizani, na hapo safari yake ikakoma.

Marehemu babu yangu, ambaye alilima pamba ujana wake wote, hakuwa akiiita mizani kwa jina lake. Aliiita "mwizi aliyesimama wima". Sisi wajukuu tulicheka tu, tusijue kwamba alikuwa akitusomesha somo la uchumi.

Mwaka 1913 wakulima wachache wa Kinakulya, katika Singo, walipatana kuuza mazao yao kwa pamoja. Hicho ndicho kikundi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza katika historia ya ushirika wa Uganda. Hawakuwa na sheria ya kuwalinda wala mkopo wa kuanzia. Walikuwa na hesabu moja tu vichwani mwao, kwamba mnunuzi hupunja mzigo mdogo wa mtu mmoja kwa urahisi kuliko mzigo mkubwa wa watu wengi. Mwaka 1920 vikundi kama hicho vilikutana Mengo vikaunda chama cha wakulima wa Buganda, ambacho mwaka 1933 kilipanuka na kuchukua jina la Uganda nzima. Mwaka huohuo wa 1933 jirani zetu Wachaga walianzisha chama chao kikuu cha kahawa huko Moshi, KNCU. Hata hivyo, Wachaga walikuwa na jambo ambalo wenzao wa Singo hawakuwa nalo: Tanganyika ilikuwa imepata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932. Uganda ilingoja hadi 1946. Kwa muda wa miaka 33 tangu Kinakulya, chama cha wakulima wetu mbele ya sheria kilikuwa si kitu. Hakikuweza kukopa kwa jina lake wala kushtaki aliyekidhulumu.

Watu wengine hudhani kwamba kushirikiana kulikuja na sheria hiyo. La, hasha. Waganda walikuwa na *bulungi bwansi*, kazi ya wote kwa manufaa ya nchi, ambayo kwayo barabara zilifyekwa na visima kusafishwa. Na *munno mukabi*, vikundi vya kusaidiana katika misiba, vipo hata leo katika mitaa ya Kampala. Jambo lililokuwa geni ni kuuza pamoja kwa fedha, kwa daftari, mbele ya mnunuzi asiyekujua.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilijitwalia biashara ya pamba na kahawa. Ikapanga bei ya kumlipa mkulima, ikauza ng'ambo kwa bei ya juu, na ziada ikaiweka katika mifuko. Vita vilikwisha, mifuko ikaendelea kujaa. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo ni akiba ya kumkinga mkulima siku bei itakapoanguka, na kwamba nyingine zingetumika katika maendeleo ya nchi. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini mkulima hakuulizwa, na mwenye jasho asipoulizwa haiwezekani kumwambia kwamba ameweka akiba.

Hapo ndipo anapoingia Ignatius Kangave Musazi. Alizaliwa mwaka 1905, akasoma Uingereza, na hapo mwanzo njia yake ilikuwa ya dini na ualimu. Baada ya vita aliongoza chama cha wakulima Waafrika wa Uganda. Madai yao yalikuwa mepesi kuyaeleza: tuchambue pamba yetu wenyewe, tuiuze wenyewe ng'ambo. Mwezi wa Aprili 1949 watu walikusanyika mbele ya jumba la Kabaka pale Mengo wakiwa na madai hayo pamoja na mengine ya siasa, kama vile kuchaguliwa kwa machifu na raia. Fujo zikazuka, nyumba za machifu zikachomwa, na serikali ikakipiga marufuku chama cha wakulima pamoja na chama cha Bataka.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali la mwanafunzi wangu. Sheria ya 1946 ilikuwapo. Kwa nini basi wakulima hawa wasijiandikishe kama chama cha ushirika, wakafanya kazi kwa amani? Jibu limo katika sheria yenyewe. Ilimpa Mrajis wa Vyama vya Ushirika madaraka makubwa ya kusimamia, kukagua na kuelekeza mambo ya chama. Viongozi wa serikali waliona huo ni ulezi wa lazima, kwani chama kichanga bila mkaguzi huliwa na mweka hazina wake. Wakulima waliona jambo jingine: kwamba yule yule aliyepanga bei yao sasa anataka kushika na daftari lao. Kwa kweli kila upande ulikuwa na hoja, na mimi ambaye nimekuwa katika vyama vya akiba vya walimu kwa muda wa miaka 15 siwezi kumcheka Mrajis. Katika kimojawapo tuliamini uso wa mtu badala ya hesabu zake, tukapoteza michango ya mwaka mzima.

Musazi na wenzake walitafuta mlango mwingine, wakauona katika sheria ya ubia. Wabia hupatana wenyewe kwa mkataba, kila mmoja huchangia, na hapana Mrajis juu ya vichwa vyao. Kasoro yake ni kwamba, kwa desturi ya sheria ya Kiingereza, ubia wa biashara haukuruhusiwa kupita watu 20. Watu 20 hawawezi kununua kiwanda. Kwa hiyo walijiunga katika vikundi vingi vidogo vya wabia, kisha vikundi hivyo vikafungamanishwa katika shirikisho moja, Shirikisho la Ubia wa Wakulima Waafrika wa Uganda. Jina lilikuwa refu, lakini kila neno lake lilikuwa limepimwa. Mwalimu wa lugha hawezi kulisoma bila kustaajabu jinsi neno "ubia" lilivyofanywa ngao.

Shirikisho lilipata marafiki kutoka mbali. Mmarekani kijana, George Shepherd, alikuja kuwa mshauri wake, na mwaka 1955 akachapisha huko New York kitabu kuhusu mambo aliyoyaona, *They Wait in Darkness*. Mwingine alikuwa Mwingereza John Stonehouse, mwanaushirika wa chama cha Labour, aliyekaa Uganda baina ya 1952 na 1954. Huyo baadaye alikuwa mbunge, kisha waziri, na mwaka 1974 aliacha nguo zake katika ufuko wa Miami ili adhaniwe amezama, akakutwa hai Australia. Nayataja haya si kwa kupenda umbeya, ila kwa kuwa vijana hulisikia jina lake kwa kisa hicho pekee, wasijue kwamba aliwahi kufanya kazi miongoni mwa wakulima wetu wa pamba.

Tarehe 2 Machi 1952 Musazi alianzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa kilichokusudia nchi nzima, Abubakar Kakyama Mayanja akiwa katibu mkuu. Njia ambazo habari za chama zilipita kwenda vijijini zilikuwa zimekwisha kufyekwa na Shirikisho. Hapana haja ya kuuliza kwa nini chama kilikua upesi: watu walikuwa wamezoea kukutana, kuchanga na kuandika majina yao.

Mwaka huo huo alifika Gavana mpya, Andrew Cohen. Wengi tunamkumbuka kwa kosa lake la Novemba 1953, la kumhamishia Kabaka Mutesa wa Pili Uingereza, na hatukumbuki kwamba mwanzo wake ulikuwa mwingine. Mwaka 1952 sheria ya ushirika ilirekebishwa, madaraka ya Mrajis yakapunguzwa, na serikali ikajipa uwezo wa kununua viwanda vya kuchambulia pamba na kuviuzia vyama vya Waafrika kwa mkopo. Kwa maneno mengine, dai la 1949 ambalo watu waliotawanywa kwa risasi walikuwa wamelitoa lilikubaliwa baada ya miaka mitatu, tena kwa karatasi yenye muhuri. Sidhani kwamba lingekubaliwa bila Shirikisho, ingawa ripoti za serikali hazisemi hivyo.

Ushindi huo ndio uliolimaliza Shirikisho. Vikundi vingi vya wabia viliona hapana tena sababu ya kukimbia sheria iliyolegezwa, vikajiandikisha kama vyama vya ushirika ili vipate mikopo na viwanda. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 Shirikisho lilikuwa limedhoofika kabisa. Ushirika nao ulistawi: Bugisu wakapata chama chao kikuu cha kahawa mwaka 1954, na kufikia 1961, mwaka ambao Uganda Co-operative Alliance iliundwa hapa Kampala, vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 1,600, na wanachama wapatao robo milioni. Mwaka 1964 ikafuata Benki ya Ushirika. Lakini tuongeze neno ambalo vitabu huliruka. Majina yaliyoandikwa katika daftari za vyama yalikuwa aghalabu ya wanaume, na waliopalilia na kuchuma pamba hiyo walikuwa aghalabu wake zao. Malipo yalitolewa kwa jina lililoandikwa.

Yaliyofuata nitayapita upesi, kwa kuwa yanahitaji makala yake. Baada ya uhuru serikali ilivipa vyama ukiritimba wa kununua na kuchambua, na pamoja na zawadi hiyo ikarudi ile kamba ambayo Musazi aliikataa: viongozi wa vyama wakawa wanaangalia wizarani kuliko shambani. Mavuno ya pamba, yaliyopita marobota 400,000 mnamo 1970, yaliporomoka katika utawala wa Amin, kwa kuwa mkulima alilipwa kwa kuchelewa na kwa fedha isiyo na thamani. Vita vya Luwero vya 1981 hadi 1986 viliteketeza maghala na malori. Biashara ya kahawa ikafunguliwa mnamo 1991, wanunuzi binafsi wakaja na fedha taslimu, na vyama vyenye madeni havikuweza kushindana nao. Mwezi wa Mei 1999 Benki Kuu ikaifunga Benki ya Ushirika.

Musazi alifariki mwaka 1990, akazikwa katika uwanja wa Kololo. Kila mwaka magari hupita hapo kwa maelfu, na nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi ni nani aliyelala pale. Wachache hujibu kwamba ni mpigania uhuru. Bado sijapata hata mmoja aliyejibu kwamba alikuwa kiongozi wa wakulima wa pamba.

Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikipeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kupitia vyama vya akiba na mikopo, chini ya mpango wa maendeleo ya parishi, na kaya hukopeshwa milioni moja moja. Katika parishi yangu nimehudhuria mikutano miwili. Mabishano niliyoyasikia hayakuwa juu ya kiasi cha fedha. Mama mmoja muuza ndizi alisimama akauliza kamati imechaguliwa na nani, na daftari linalala nyumbani kwa nani usiku. Mwenyekiti alisema swali hilo litajibiwa katika mkutano ujao.

Mwanafunzi wangu nimemwandikia haya yote kwa ufupi katika daftari lake. Ninalo ombi kwa wenzangu walio Mityana, Mubende, Masaka na Mukono: wazee waliokuwa watoto wakati wa Shirikisho hawakubaki wengi, na wale waliotia sahihi mikataba ya ubia wamekwisha kututoka. Huenda kadi, stakabadhi za mizani au mikataba yenyewe ingali katika masanduku ya familia. Mchwa hawangoji. Mwenye karatasi kama hiyo na ainakili neno kwa neno, katika lugha yoyote iliyoandikwa, aandike na mahali ilipokutwa, kisha ailete katika mkutano wetu wa mwaka.