Tangi la Exeter na nusu iliyoachwa njiani

Nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zina karo lililozikwa uani, na mwenye nyumba hulikumbuka siku linapofurika na gari la kunyonya maji taka likaitwa. Tangi la septiki, ambalo leo tunaliona ni la nyumbani tu, lilipata jina lake katika mji wa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, na lilijengwa kwa sababu ya Mto Exe.

Sheria ya mwaka 1876 ilikuwa imekataza kumwaga uchafu mitoni, ingawa meno yake yalikuwa butu. Miji iliyojaribu kuitii ilitia chokaa kwenye maji taka ili uchafu utuame. Maji yakawa angavu kidogo, lakini tope likarundikana hadi likawa kero kubwa kuliko maji yenyewe. Mwaka 1895 Donald Cameron, mhandisi wa mji, akajenga tangi lililofunikwa lisipate mwanga wala hewa. Maji taka yaliingia polepole, chini ya usawa wa maji, yasikoroge kitu. Mle ndani bakteria wasiohitaji oksijeni walikula kinyesi, ukoko ukatanda juu, na gesi iliyotoka ikawashia taa papo hapo mtamboni. Mwaka 1897 serikali ikaridhia mji mzima utumie njia hiyo.

Wafaransa wangeguna. Louis Mouras wa Vesoul alikuwa na shimo linalofanana na hilo tangu miaka ya 1860, akalipatia hataza mwaka 1881.

Lakini hataza iliyotikisa miji ilikuwa ya Cameron. Kampuni iliyobeba jina lake nchini Marekani ilidai mrabaha kwa kila mji uliojenga tangi la namna hiyo. Saratoga Springs, mji mdogo wa New York, ukagoma. Ukashtakiwa, na mwaka 1908 mahakama ya rufaa ikaipa kampuni ushindi. Fikiria halmashauri ndogo iliyokwisha kukopa fedha za mabomba, sasa inadaiwa malipo kwa kazi inayofanywa na bakteria! Ukombozi ulipatikana kupitia Knoxville, mji mdogo wa Iowa. Mwaka 1913 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hataza ya Marekani, iliyotolewa 1899, ilikuwa imefungamana na ile ya Uingereza ya 1895, na kwa hiyo ilikwisha pamoja nayo Novemba 1909. Kalenda ndiyo iliyomaliza ubishi.

Wakati huo Tume ya Kifalme ya Maji Taka, iliyofanya kazi Uingereza kuanzia 1898 hadi 1915, ilikuwa ikipima sifa zilizotangazwa na wauzaji. Ikaona kwamba tangi halimalizi tope, na kwamba maji yanayotoka humo bado ni machafu. Cameron mwenyewe alilijua hilo: baada ya tangi aliweka vitanda vya mabaki ya makaa ya mawe, ambako maji yalichujwa na bakteria wapenda hewa wakamalizia kazi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo historia ilipopinda. Tangi lilikuwa rahisi kuuza na kujenga. Likasafiri dunia nzima, na vitanda vikabaki nyuma. Kwetu, shimo la kunywesha maji ardhini ndilo linalotarajiwa kuwa kichujio, hata pale ambapo maji ya ardhini yako karibu na udongo hauna nafasi ya kuchuja chochote.

Tume ilituachia urithi mwingine. Mwaka 1912 ilipendekeza kwamba maji yaliyosafishwa yasitumie zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa lita katika siku tano, na chembe zinazoelea zisizidi miligramu 30. Inasimuliwa kwamba siku tano zilichaguliwa kwa kuwa hakuna mto wa Uingereza unaochukua muda mrefu zaidi kufika baharini. Mto Tana wa Kenya, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, hauna haraka hiyo, lakini kipimo cha siku tano kiko katika viwango vya Kenya na Tanzania vilevile, kikomo kikiwa miligramu 30.

Kiwango cha Tume kilikuwa na sharti: mto uwe na maji safi angalau mara nane ya yale yanayomwagwa. Mito yetu mingi ya msimu, ifikapo Septemba, haina hata maji ya kulingana nayo.