Sifuri Upande wa Pili

Mwanafunzi akipewa (x − 3)(x − 7) = 0 hana haja ya kukokotoa sana. Zao la namba mbili haliwi sifuri isipokuwa mojawapo ni sifuri, basi x ni 3 au 7. Kwa ufupi wake, hoja hiyo hudhaniwa kuwa ya zamani sawa na aljebra yenyewe. Sivyo. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, aliufahamu mlinganyo huu huu, ila kwake ulisomeka: mraba ukijumlishwa na 21 ni sawa na mizizi 10, mzizi hapo ukiwa x yenyewe. Alizipata 3 na 7 kwa kukamilisha mraba. Kila upande wa mlinganyo wake ulibeba kiasi halisi, na pasipo upande mtupu hoja ya sifuri haina pa kushika.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa majibu aliyapata, vigawo kama x − 3 na x − 7 viliongeza nini? Viliongeza umoja. Al-Khwarizmi alihitaji aina 6 za milinganyo, kila aina na kanuni yake. Omar Khayyam, alipofika kwenye kipeo cha tatu, alizikabili aina 14 kwa mikato ya koni. Hawakupungukiwa werevu hata kidogo. Kilichowabana ni sharti la kuweka viasi chanya pande zote mbili. Mwingereza Thomas Harriot ndiye aliyehamishia kila kitu upande mmoja na kuonyesha jinsi mlinganyo unavyozaliwa na vigawo vyake. Kitabu chake kilitoka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake, na wahariri wakaiacha mizizi hasi iliyokuwamo katika miswada yake. Ilikuwa hasara kubwa, maana hapo ndipo alipothubutu zaidi. Mwaka 1637 René Descartes alizidisha x − 2, x − 3, x − 4 na x + 5, akatamka wazi kwamba mizizi inaweza kufikia idadi ya kipeo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlinganyo hauji umekwisha kugawanywa, na ili kuugawanya sharti uijue mizizi unayoitafuta. Ni kweli, lakini mzizi mmoja watosha kuanzia: Descartes alionyesha kwamba ukigawanya kwa kigawo chake, kipeo hushuka kwa moja, na kazi iliyobaki huwa nyepesi. Hata Niels Abel alipothibitisha, mwaka 1824, kwamba kipeo cha tano hakina kanuni ya jumla ya vipeuo, hakuvifuta vigawo vyenyewe. Alifunga njia moja tu ya kuvifikia.